Urbanus Mbawala na Upanga wa Bi Ella

Marehemu Urbanus Mbawala alizaliwa tarehe 14 Machi 1949 kijijini Maposeni, karibu na misheni ya Peramiho, mtoto wa tatu wa Mzee Silvanus Mbawala. Alisoma Peramiho, kisha akajifunza ufundi wa vyuma, na tangu hapo hakuvumilia kutu popote alipoiona.

Tarehe 8 Mei 1976 alifunga ndoa na Otilia. Siku hiyo wageni walimkuta bwana harusi mlangoni mwa kanisa, amevaa suti, akitia mafuta bawaba zilizokuwa zikilia. Mungu aliwajalia Samson na Sara.

Mwaka 1991 familia ilihamia Toronto, ikapata nyumba katika jengo la ghorofa mtaa wa Crescent Town. Marehemu alifanya kazi katika kiwanda cha vipuri vya magari huko Scarborough hadi alipostaafu mwaka 2014.

Familia inasoma sehemu inayofuata kwa sababu yeye mwenyewe aliagiza. “Msinisomee mazuri tu,” alisema. “Someni na habari ya upanga.”

Jirani yao, Bi Ella Morishita, alikuwa na upanga wa Kijapani wa babu yake. Mwaka 2019 alitaka kujua kwa hakika umefuliwa na mhunzi gani, kabla ya kumrithisha mpwa wake, akamwomba marehemu amsindikize kwa wajuzi wa panga za kale. Usiku wa kuamkia safari hiyo upanga ulilala kwa marehemu. Alichomoa mpini, akaona shina lililofichwa ndani limejaa kutu nyeusi. Bila kumuuliza mtu, alilisugua kwa msasa mpaka likang’aa, akifurahi jinsi jirani yake atakavyoshangaa.

Kesho yake mjuzi mmoja mzee alitoa mpini, akalisogeza shina kwenye taa. “Nani amesafisha hapa?”

Marehemu alitazama viatu vyake.

“Ni mimi,” alijibu Bi Ella. “Niliona kutu.”

Mjuzi alieleza kwa upole kwamba kutu ya hapo ndiyo inayoonyesha umri wa upanga, na hapo ndipo mhunzi alipochonga jina lake. Sasa ilibaki nusu ya herufi. Upanga ulikuwa wa kale, hilo aliliona kwenye ubapa wake. Lakini ni kazi ya mkono wa nani, hakuthubutu kusema, na baada ya msasa ule hakuna ambaye angeweza tena. Bi Ella alishukuru, akaufunga upanga wake kwenye kitambaa.

Tangu siku ile marehemu aliacha kutumia lifti, asije akakutana naye. Alipanda ngazi hadi ghorofa ya tisa, na magoti yake mabovu, majira yote ya baridi.

“Baba Samson, utapanda ngazi mpaka lini?” Mama Otilia alimuuliza.

Ndipo alipokwenda peke yake kwa yule mjuzi, akasema, “Yule mama alinisitiri. Msasa ulikuwa wangu.” Kisha akabisha mlango wa Bi Ella.

“Nilikasirika sana, Urbanus,” Bi Ella alimwambia. “Lakini sikutaka wakuone mjinga.”

Marehemu alilia pale pale mlangoni. Alisamehewa. Hata hivyo, watu walipomsifia mikono yake, aliificha mfukoni.

Mwaka 2023 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Aliugua kwa uvumilivu, akiuguzwa na mkewe na watoto, naye Bi Ella akimsomea magazeti. Alifariki hospitalini alfajiri ya tarehe 9 Novemba 2024, akiwa na miaka sabini na mitano.

Ameacha mjane, Otilia, watoto wawili, Samson na Sara, wajukuu wanne, na dada mmoja aliyeko Songea. Bi Ella ameketi leo pamoja na wafiwa, kwa kuwa marehemu aliomba iwe hivyo.

Ee Bwana, mpokee Urbanus, mfutie aibu aliyoibeba, umlaze mahali pa amani.