Balozi wa Mguu Mmoja

Mheshimiwa mgeni rasmi, Mganga Mkuu wa hospitali yetu. Waheshimiwa wakuu wa idara. Madaktari na wauguzi mliotoroka wodini kwa ajili yangu, nami natumaini wodini kumebaki mtu. Mafundi wenzangu wa karakana ya viungo bandia. Mke wangu, mama watoto, uliyeketi hapo mbele ili unione vizuri nikidanganya. Wanangu na wajukuu zangu. Ndugu wageni waalikwa, mabibi na mabwana: nawasalimu nyote kwa heshima, na wale ambao chakula kimeanza kuwasinziza nawasalimu kwa huruma.

Mshereheshaji amenipamba mpaka nikageuka nyuma kumtafuta mtu anayesemwa. Amesema kwamba niliwahi kuiwakilisha hospitali hii ng'ambo kwa mafanikio makubwa, na ndiyo maana naitwa Balozi. Nilimtazama mke wangu. Mke wangu alitazama chini, mabega yakimtikisika. Ndugu zangu, siwezi kustaafu na uongo mkubwa kiasi hicho. Pensheni yenyewe haitoshi kuulisha. Niruhusuni basi nieleze ubalozi huo ulipatikanaje.

Enzi hizo tulikuwa na binti mmoja mkimbiaji. Alipoteza mguu chini ya goti kwa ajali, nami ndiye niliyemtengenezea mguu wa kukimbilia. Akachaguliwa kwenda kushindana nchi ya mbali, na huko, katikati ya mazoezi, mguu ule ukapata ufa. Kocha wake akapiga simu hapa akihema kana kwamba aliyekimbia ni yeye: mashindano ni kesho kutwa, na mguu wa namna ile hauuzwi dukani kama soksi. Kwa bahati nilikuwa nimeshamtengenezea wa akiba. Swali likawa, nani aupeleke?

Mdomo huponza kichwa. Kwa muda mrefu nilikuwa nikiwatambia wenzangu kwamba lugha ya nchi ile naijua, nimejifunza redioni. Ukweli ni kwamba masomo yalipofika mahali pagumu betri ziliisha, nami sikuona sababu ya kununua nyingine. Nilichobaki nacho ni salamu ya asubuhi, neno "ndiyo", na sentensi moja kamili isiyo na kasoro: "Kitabu kiko juu ya meza."

Mganga Mkuu wa wakati ule akaja karakanani. "Fundi, lugha si unayo?" Je, mwanamume aliyejisifu mbele ya karakana nzima atajibu nini? Nikajibu, "Lugha si tatizo, mkuu."

Nyumbani mama watoto alikuwa akinikunjia shati. "Baba watoto, hiyo lugha unaijua kweli?"

"Lugha ni kujiamini, mama."

"Haya. Ukijiamini ukapotea, usinipigie simu."

Mguu niliufunga kwa taulo la buluu, nikaupakata ndegeni kama mtoto mchanga. Kila mhudumu aliponiuliza jambo nilijibu "ndiyo", na kila "ndiyo" ikaniletea glasi ya kinywaji. Nilikuwa nimekaa dirishani, jirani yangu amelala fofofo, nami kwa adabu zangu sikutaka kumruka. Nilitua katika nchi ya watu nikiwa nimejaa kama mtungi.

Kwenye ukaguzi afisa akafungua taulo, akaruka hatua moja nyuma. Akaniuliza. Nikaonyesha mguu, nikajipiga kifua, maana yake: huu nimeutengeneza mimi. Yeye akaelewa: huu ni wangu. Akaitazama suruali yangu, ile pana aliyonishonea shemeji, ambayo ndani yake ungeweza kuficha miguu mitatu na wageni wao. Akaniuliza tena kwa sauti laini mno. Nikamjibu kwa kujiamini: "Ndiyo." Kufumba na kufumbua, nimekalishwa kwenye kiti cha magurudumu.

Aliyenisukuma alikuwa mama wa makamo mwenye mvi, mikono minene na uso wa shangazi. Shangazi huyo alinisemesha njia nzima kwa upole, mimi naitikia "ndiyo". Foleni zikatupisha. Milango ikafunguliwa. Watu wakanitazama kwa huruma, nami, Mungu anisamehe, nikawapungia mkono. Ndugu zangu, nani alinituma niwapungie mkono?

Tukiwa katikati ya ukumbi, nikaona picha ya mwanamume mlangoni. Choo! Nilikuwa nimebana tangu mawinguni. Sikuwa na neno la kumwomba shangazi asimame, na kitabu changu cha juu ya meza kisingenisaidia. Nikaruka kutoka kitini, mguu kwapani, nikatimua mbio. Nyuma yangu nikasikia mayowe, kisha makofi. Mzee mmoja alivua kofia yake akaikumbatia. Mimi, kwa upumbavu wangu, nilidhani wanasifu kasi.

Nilipotoka nikawakuta walinzi wawili wakinisubiri, na shangazi kasimama kando yao, amefura kama mama aliyekuta unga umemwagwa. Nikapelekwa kwenye chumba kidogo mbele ya afisa mkubwa. Akaniuliza swali refu. Nikaona sasa ndiyo siku ya kutumia elimu yangu yote. Nikamwambia, "Kitabu kiko juu ya meza."

Yule bwana aliitazama meza. Akainua karatasi, akachungulia chini yake. Kisha akamtazama mlinzi, mlinzi akaondoka, na aliporudi alikuwa ameshika keekee ya umeme.

Hapo kicheko kilikauka. Nilielewa bila kutafsiriwa: mtu anayejifanya kiwete, kisha anatimua mbio, bila shaka ameficha kitu ndani ya mguu. Wakiutoboa, umekwisha. Kule nje kuna binti aliyefanya mazoezi mvua na jua, na ndoto yake inatobolewa kwa sababu ya majivuno yangu. Nikaulalia mguu ule kifudifudi juu ya meza, nikaukumbatia. "Nitoboeni mimi!" nikalia, kwa Kiswahili, maana kwenye shida mtu hulia kwa lugha ya mama yake.

Kumbe binti mwenyewe alikuwa ukumbini na kocha, wamekuja kunipokea. Kila anayepita anasimulia jinsi mgonjwa mmoja alivyopona ghafla akakimbia na mguu wake kwapani. Binti akamwambia kocha, "Huyo ni fundi wangu."

Mlango ukafunguliwa, akaingia kwa magongo, suruali upande mmoja imefungwa fundo. "Shikamoo, fundi. Umefanya nini tena?"

Alikuwa ameokota maneno ya lugha ile kambini, akaanza kuwaeleza. Mimi sikungoja amalize. Nilipiga magoti nikamvalisha mguu palepale sakafuni. "Panafinya hapa, fundi." Vifaa vyangu vilikuwa kwenye sanduku, na sanduku sijui lilikuwa wapi. Yule mwenye keekee akachutama karibu yangu, akanipa bisibisi yake. Nikalegeza, nikakaza. Binti akasimama, akaenda hadi ukutani, akarudi bila magongo. Shangazi alijipangusa macho kwa mkono wa sweta.

Kisha akanigeukia. Akakivuta kile kiti cha magurudumu, akaketi yeye, akanyoosha kidole kuelekea ukumbini. Binti alitafsiri, ingawa haikuhitaji tafsiri: "Anasema sasa ni zamu yako."

Nikamsukuma, waheshimiwa. Nilimsukuma kupita watu walewale walionipigia makofi, huku yeye akiwapungia mkono kama malkia.

Mngependa niseme kwamba binti alishinda. Hakushinda. Alikuwa wa pili kutoka mwisho. Nilimfuata kwenye ukingo wa uwanja, moyo umenivunjika, nikaanza kuomba radhi: "Nisamehe, mwanangu. Pengine mguu ulikuwa mzito."

Akanikatiza, jasho likimtiririka. "Fundi, mguu haukukimbia. Nimekimbia mimi, nimeshindwa mimi. Nikishinda wanausifu mguu, nikishindwa wanaulaumu mguu. Niachie angalau kushindwa kwangu."

Mabibi na mabwana, nilikwenda kule nikijiona nimebeba mguu, kumbe nilikuwa nimebeba kichwa kikubwa. Tangu siku ile mgonjwa akirudi karakanani simuulizi, "Mguu unaendeleaje?" Namuuliza, "Siku hizi unakwenda wapi?" Na mkitaka kujua kwa nini foleni yangu ilikuwa haisogei, ndiyo hiyo sababu: watu wakiulizwa wanakokwenda, wanasimulia.

Binti yule alikimbia miaka mingine, akashinda na kushindwa kwa jina lake mwenyewe. Kisha siku moja akasimama mlangoni mwa karakana akasema, "Fundi, nifundishe." Mnamwona pale mwisho wa safu ya pili, anajifanya anatafuta kitu mkobani. Kuanzia leo ndiye mkuu wa karakana yetu.

Sitawaficha, wivu ninao. Asubuhi ya leo nilikwenda kuchukua koti langu la kazi, nikakuta benchi langu limehamishiwa upande wa pili wa chumba. Nikanuna. "Binti, hata kiti changu hakijapoa! Benchi hili limekaa pale miaka yote."

"Ndiyo, fundi," akanijibu, "na miaka yote umekuwa ukilipa dirisha mgongo, ukijizibia mwanga mwenyewe."

Nikaketi ili nimwonyeshe amekosea. Nikaweka mikono juu ya benchi. Ndugu zangu, niliiona mikono hii, kila kovu na kila mkunjo, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu ya kazi. Nilikaa pale muda mrefu, naye akaniacha nikae.

Mheshimiwa mgeni rasmi, wakubwa kwa wadogo, nawashukuru kwa kunilea, kunivumilia na kunicheka kwa adabu. Asanteni sana kwa kuniazima masikio yenu.