Mungu Alianza na Mzee Wangu

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Na ninyi wa Masukulu mliokaa nyuma, itikieni, mvua haijawakata sauti!

Mimi ni bibi yake Lusajo. Shule niliiacha mapema, kwa hiyo nitasema kama nilivyoona.

Mjukuu wangu alizaliwa na mtindio wa ubongo. Mwili ulikakamaa kama kuni. Kukaa hawezi. Jirani mmoja akawa ananicheka: "Bibi, huo mkungu wa ndizi utaubeba mpaka lini?" Nikamjibu: "Mpaka uive, na wewe utakuja kuomba." Lakini moyoni nililia. Maana mwalimu wa darasa la watoto wenye mahitaji maalumu alituambia wazi: akiweza kukaa kwenye kiti, mleteni, atasoma.

Hospitali, daktari wa mazoezi akatufundisha. Mmoja ashike kiuno, mwingine anyooshe miguu, kila siku. Sasa mkono wangu huu uliteguka migombani, hauna nguvu. Mwanangu, baba wa mtoto, anashinda kiwandani kwenye chai. Wenye nguvu nyumbani wamebaki wawili: mkamwana wangu na mzee wangu. Na kwetu Wanyakyusa mnajua, mkamwana anamtila baba mkwe. Anamheshimu kwa kumkwepa: hamwangalii, hawasemezani, hakai naye chumba kimoja. Mzee akikohoa mlangoni, mama Lusajo huyoo, mlango wa nyuma! Mtoto anabaki chini na mimi na mkono wangu mmoja.

Nilifunga, nikaomba: Bwana, fungua miguu ya mtoto! Miguu kimya. Ikazidi kukaza.

Asubuhi moja mzee akasikia Lusajo analia. Akaingia bila kukohoa. Mkamwana akajifunika kanga usoni, anatafuta pa kupita.

"Usikimbie," mzee akasema. "Shika miguu."

"Baba, ninakutila."

"Nitile huku umemshika mtoto."

Haleluya! Mzee akashika kiuno, mama akashika miguu, macho kayapeleka ukutani. Nikawaza: kumbe mimi naomba miguu ifunguke, Mungu kaanza kufungua mdomo wa mume wangu!

Ndugu zangu, msidhani ni muujiza wa siku moja. Mahindi tulipanda, tukavuna, bado tunanyoosha. Hospitali tulirudi kila tulipoitwa. Heshima haikufa, mkamwana mpaka leo anajifunika, ila hakimbii. Na Lusajo amekaa! Anasoma! Mate yanamtoka, maneno yanamkwama, lakini asubuhi asipovalishwa sare anapiga kelele nyumba nzima inaamka. Mjukuu wangu huyo!

Namshukuru Mungu, na madaktari nawashukuru, sioni kwa nini nichague mmoja. Wewe uliyemfungia mtoto ndani, ukisema ni mkosi wa ukoo, mtoe. Mwamini Bwana, halafu simama uende. Ukiogopa hospitali peke yako, nipitie. Navaa viatu tu, tunakwenda.