Pingu ya Zein

Mimi niliyepeana mikono na mabaharia toka Karachi hadi Rotterdam, nimeaibika kwa kumpa mkono mgonjwa. Jana nilikwenda hospitali kumtazama Zein, fundi saa wetu, mahabusu anayengoja kesi, kalazwa kwa malaria. Nikanyoosha mkono: "Nipe tano, bwana!" Akanyoosha wake, na kitanda kikaja nao, kriii! Wodi nzima ikanigeukia. Kumbe kafungwa pingu kitandani, na kifundo cha mkono kimeumuka kama hamri. Asubuhi hii nikayamwaga yote barazani kwetu Mji wa Kale, dele la kahawa likiwa bado zito.

— Chanda chema huvikwa pete, akasema Gharib, tunayemwita Hakimu kwa kuwa aliwahi kufagia mahakama.

— Pete gani hiyo, Hakimu, ufunguo wake anao askari? nikamuuliza.

— Sheria, bwana! Akipona ghafla, si atakimbia?

— Akimbie wapi? Hata chooni hafiki!

Ubaid, Tabibu wetu, muuza mafuta ya mwarubaini, akaruka:

— Hamjui kitu nyote! Chuma chavuta homa. Mkono umevimba kwa kuwa homa yote imeteremkia pale!

— Basi wamfunge na miguu, apone upesi, nikamjibu.

— Ebo! Hakimu akapiga paja. Pingu ile si ya Zein, ni ya kitanda! Vitanda vya serikali vyaibwa. Wamekifunga kwa mgonjwa kisipotee!

— Mimi kule Rotterdam nilimwona mfungwa kafungwa kwa kitambaa cha hariri, na daktari akimpepea...

— Rotterdam hukushuka melini, wewe! Tabibu akanikatiza. Ulikuwa ukimenya viazi!

Tukacheka hata vikombe vikamwagika. Ndipo akatokea Mwanabaraka, dadake Zein, na chupa yake ya uji, bado imejaa.

— Salaam aleikum, kaka zangu. Natoka kwake. Vidole vimekuwa baridi, nikivifinya hahisi. Daktari ataka pingu ifunguliwe sasa hivi, asije akaupoteza mkono. Askari jela wa zamu kaondoka na ufunguo. Nani atafuatana nami langoni pa jela kuudai?

Hakimu akaanza kuitafuta kofia yake, nayo i kichwani. Tabibu akakohoa. Wote wakanitazama mimi, msafiri.

— Twende, Bi Mwanabaraka, nikasema. Ila tumalize kahawa kwanza.

Charo, muuza kahawa, akalipindua dele, mashapo yakamwagika barabarani.

— Imekwisha. Inukeni.