Fundi Gershom Nguma na Maswali Yake Matatu

Leo Jumamosi, tarehe 30 Julai 1949, Fundi Gershom Nguma anavua aproni yake ya ngozi katika karakana yetu ya usonara hapa Kisauni, baada ya kuivaa miaka thelathini na miezi mitano. Aproni yenyewe imebadilishwa mara nne. Kigoda chake hakijabadilishwa hata mara moja, nasi mafundi wenzake tumekubaliana kwamba hakuna atakayekigombea, maana kimeinama upande wa kushoto kama yeye.

Aliingia kazini Machi 1919, kijana wa Frere Town, mwana wa seremala. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuvuta mvukuto. Ya pili ilikuwa kuunguza nyusi zake mwenyewe. Baada ya mwaka mmoja aliweza kumaliza bangili peke yake, na baada ya mitano hakuna aliyemshinda kwa nakshi.

Vita vilipokuja, fedha mpya ikawa adimu. Ndipo alipoanza kazi iliyotupatia jina: kuvifanya upya vito ambavyo watu wamezawadiwa na hawavivai. Kila nyumba ina kimoja. Umepewa na shangazi au mama mkwe, ni kizuri, na kimelala sandukuni chini ya kanga. Kukitupa huwezi, na aliyekupa akipiga hodi unakimbilia chumbani kukivaa.

Fundi hakuyeyusha kitu kabla ya kujibiwa maswali matatu, hapohapo benchini, mbele ya wote waliokuwapo. Ulipewa na nani? Mbona hukivai? Na mikono yako hufanya kazi gani kutwa? Kisha alipima kwa uzi wake mwekundu, na kilichobaki alimrudishia mwenyewe ndani ya karatasi, hata kikiwa kidogo kama punje ya mchele.

Bi Achieng wa Changamwe alileta pini ya kifuani yenye umbo la kaa, zawadi ya shemeji yake. Kaa yule alikuwa na miguu yote, na kila mguu ulichana blauzi. Bi Achieng ni mshonaji, kutwa ameinamia cherehani, basi Fundi akampa herini mbili ndogo, kila moja na jicho moja la kaa. Shemeji alipomtembelea alizisifu sana, akauliza zinauzwa wapi.

Sasa niseme la siku moja ya mwaka 1946, na ruhusa nimepewa na wahusika wote wawili. Mkewe, Bi Nyamvula, ambaye sote humwita Mama Dishon, aliingia kwa mlango wa wateja. Kwa kawaida hupita mlango wa nyuma na chakula cha mchana. Siku hiyo alikaa benchini nyuma ya wanawake wawili, akangoja zamu, akamwamkia mumewe kama vile si yeye aliyemwandalia chai asubuhi.

Alifungua leso, akatoa bangili ya fedha. Fundi aliitambua papo hapo. Ni ile ya kwanza aliyoimaliza peke yake, aliyompa siku ya harusi yao mwaka 1920. Baada ya siku hiyo hakumwona nayo tena. Aliwauliza wanawake wa Mombasa nzima kwa nini hawavai zawadi zao. Ila mke wake mwenyewe, Fundi hakuthubutu kumwuliza.

Fundi alitaka kuifunika, wakazungumze nyumbani. Mama Dishon akakataa.

“Niulize kama unavyowauliza wenzangu, Fundi.”

Akamwuliza, kwa sauti ndogo. Alipewa na nani? Na mume wangu, akajibu. Mbona haivai? Hapo Mama Dishon aliitia mkononi, akashusha mkono, na bangili ikateleza ikaangukia benchi.

“Kwa sababu si yangu. Mume wangu hakosei kipimo. Alipoifanya alikuwa na mkono wa mwanamke mwingine moyoni, nami miaka ishirini na sita sijamjua ni nani.”

Sote tuliacha kugonga. Mimi nilikuwa na tupa mkononi, nikatamani ardhi ipasuke inimeze. Nilimwonea huruma mama yule, na nilimwonea huruma mzee vilevile.

Fundi akashika kichwa. Wakati wa uchumba wazee hawakumruhusu kumgusa mchumba mkono, seuze kuuzungushia uzi, na kuuliza kipimo kungeifichua zawadi. Basi akampima dada yake Jumwa, kwa kuwa alikuwa rika moja na bibi harusi. Alisahau kwamba Jumwa alipasua kuni tangu utotoni, na mkono wake ulikuwa mnene kuliko wa kaka yake.

“Haki ya Mungu, Mama Dishon, ni mkono wa Jumwa. Ni wifi yako!”

Mama Dishon alimtazama sana. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akalia, na kilio kilikuwa cha kweli. Wale wanawake wawili wakalia naye bila kualikwa.

Swali la tatu halikuulizwa. Fundi aliijua mikono ile inayolima muhogo shambani kule Ziwa la Ng'ombe na kufua aproni yake. Alichukua uzi mwekundu, akapima, akapima tena, na mara ya tatu tukageukia kazi zetu ili tusimwaibishe. Bangili ilitoka nyembamba, isiyoteleza hata akiwa juu ya mbuzi anakuna nazi. Haijavuliwa tangu siku hiyo, na leo mtaiona mstari wa mbele.

Kipande kilichobaki Mama Dishon alinikabidhi mimi. Alisema sonara havai pete penye moto na tupa, lakini mstaafu anaweza, basi nikitunze mpaka siku hiyo. Mwezi uliopita nilimwomba Fundi anishikie uzi kidoleni, nikadai nina mteja mwenye mkono kama wake. Aliushika bila kuuliza hata swali moja, jambo lisilo desturi yake.

Asante, Fundi, kwa uvumilivu wako na kwa kutufundisha kuuliza kabla ya kuyeyusha. Tutakukosa sana. Mungu akupe afya, na miaka mingi ya kukaa kitako nyumbani kwako. Pete hii ya kipande kile ikikubana au ikikupwaya, usiifiche sandukuni. Ingia kwa mlango wa wateja, ngoja zamu yako, uje utuambie ulipewa na nani.

Erastus Ruwa,
kwa niaba ya mafundi wote