Mapipa Saba ya Elpidius Mutalemwa

Wasikilizaji wapendwa, aliye jikoni na apunguze moto kidogo, tukae pamoja. Leo tunamkumbuka Mzee Elpidius Mutalemwa wa Nyakahanga, fundi wa barabara, aliyetutoka Jumatatu akiwa na miaka themanini na miwili. Fundi wa barabara, ndiyo, lakini kwanza alikuwa mdadisi. Akiona kitu, hana raha mpaka akipime. Mjane wake, Bibi Kokwijuka, anasema alipima hata mkungu wa ndizi za harusi yao. "Nikamwambia, Elpidius, huo ni wa kuliwa, si wa kujengea!"

Turudi mwaka 1954. Elpidius ni kijana. Amerudi kutoka Bukoba alikojifunza kazi ya lami, na amempenda Kokwijuka kupita kiasi. Kikwazo ni baba wa binti, Mzee Cassian, mfanyabiashara wa kahawa aliyehamia huku kwetu kutoka Muleba, mtu asiyecheka ovyo. Mzee Cassian ana lori, na kila mvua ikinyesha lori linakwama hatua chache tu kutoka mlangoni. Sasa anataka lami, kutoka barabara kuu hadi kwake.

"Nipe makadirio," akamwambia Elpidius. "Kokoto, lami, vibarua, nauli. Yakiwa sawa, lete wazee wenu tuzungumze. Yakikosewa, binti yangu msahau."

Elpidius akapima. Urefu futi mia moja na hamsini, upana futi kumi. Kokoto unene wa inchi tatu, akaongeza robo, maana zikishindiliwa hushuka. Akaweka nauli ya meli toka Mwanza na ya lori toka Bukoba, na nauli hiyo peke yake ilikaribia bei ya lami. Lami yenyewe, mapipa matano. Akaandika vizuri, akapeleka, akarudi kungoja jibu, anapiga mluzi. Mapipa matano, wasikilizaji.

Wiki moja baadaye akapita kwa akina mama waliokuwa wakiponda kokoto. Mvua ilikuwa imekatika zamani, jua linawaka, lakini kokoto bado zilikuwa na unyevu. Zile za Bukoba alizozizoea zilikuwa ngumu, zikikauka upesi. Hizi nyekundu za kwetu, maji yameingia wapi? Akazikausha motoni, akaazima mizani ya kahawa, akazipima. Akaziloweka hadi kesho yake, akazifuta, akapima tena. Zilikuwa zimeongezeka uzito. Mawe yalikuwa yanakunywa! Na jiwe linalokunywa maji litakunywa na lami. Alirudia mara tatu, akiomba Mungu awe amekosea. Jibu halikubadilika. Mapipa si matano. Ni saba.

Sasa afanye nini? Akinyamaza, lami itaisha kabla ya kufika mlangoni. Akisema, amempoteza Kokwijuka. Siku nzima hakula. Kesho yake akatia jiwe mfukoni, akaenda.

"Shikamoo mzee wangu, waitu. Makadirio yangu hayako sawa."

"Marahaba. Hayako sawa vipi?"

Akatoa jiwe, akaeleza yote. Mzee Cassian akaligeuzageuza jiwe mkononi.

"Saba? Una hakika?"

"Mara ya kwanza nilikariri hesabu ya mawe ya Bukoba. Safari hii nimepima."

Mzee Cassian akaliweka jiwe chini. Akamsogezea kibakuli cha kahawa ya kutafuna, na huku kwetu anayefukuzwa hapewi kahawa. Mwezi uliofuata wazee wakaja kuposa na rubisi yao, pombe ya ndizi. Mapipa saba yakatosha.

Elpidius alisimulia kisa hiki maisha yake yote, akijisifu kwamba siku ile alimshangaza mkwewe. Lakini jana Bibi Kokwijuka alituambia jambo ambalo hajawahi kulisema.

"Tata, baba yangu, alikuwa ameshamuuliza fundi mwingine. Alijua ni saba tangu siku ya kwanza. Akaniambia, 'Ngoja tuone kama atakuja mwenyewe.' Wiki nzima nilikaa dirishani naangalia njia, nalia. Mume wangu sikumwambia hata siku moja. Alikuwa anafurahi sana akisimulia."

Bibi Kokwijuka, watoto na wajukuu, poleni sana. Mungu ampumzishe mzee wetu. Nawe msikilizaji, kama kuna mlango unaopaswa kwenda kuugonga na kusema umekosea, usikawie. Huenda ndani yuko mtu amekaa dirishani, anaomba uje.