Maua ya Nyanya za Sekunde

Benchi la mbele ya kibanda cha fundi saa lina miguu mitatu na tofali moja, na wanaolikalia wanajua kila kitu isipokuwa saa ya kurudi makwao. Asubuhi hiyo fundi mwenyewe, wanayemwita Sekunde, alikuja na konzi ya maua ya njano, akayamwaga mezani katikati ya saa zilizofumuliwa. Yalikuwa maua ya nyanya zake, yamepukutika tena. Miezi mitatu nyuma aliing'oa bamia yote ya mkewe nyuma ya nyumba, akaapa kwamba watakula nyanya mpaka wazichoke. Mkewe hakugomba. Hilo lilimkosesha raha kuliko matusi.

Kinyozi alilinusa ua moja.

— Hii ni kiu. Mwagilia mara tatu kwa siku.

— Namwagilia mara nne!

— Basi umezidisha. Zimevimbiwa.

Gia, dereva mstaafu, alijimiminia kahawa.

— Maji hayahusiki. Jirani yako ana jenereta. Ua likitikiswa usiku kucha litashika vipi? Mimi gari likitetemeka, nati zinaachia.

— Jenereta iliharibika mwaka jana, Gia.

— Mmea unakumbuka, bwana!

— Mimi nasema zinaona haya, akasema Kinyozi. Unazichungulia kila saa. Wewe ungezaa unachunguliwa hivyo?

Sekunde hakucheka. Maskini, alikuwa ameshaanza kufikiria kuzijengea pazia.

Hapo akafika mama mmoja mgeni, saa ya ukutani kwapani. Akasikiliza kidogo, akaokota ua.

— Mbegu ulitoa wapi, fundi?

— Kwa mdogo wangu, kule milimani. Nyanya zao kama ngumi! Huko watu wanalala na mablanketi mawili, na asubuhi bado wanaota moto.

— Na wewe hapa, usiku unajifunika nini?

Kumbe nyanya zilizozoea baridi hupukutisha maua usiku ukiwa wa joto. Mtaa huu watu hulala madirisha wazi, na shuka lenyewe hutupwa chini kabla ya usingizi kuja. Kinyozi alichungulia kikombe chake. Gia akainamisha birika, halikutoa hata tone.

Sekunde aliipokea saa ya yule mama, akafunga kibanda jua halijafika utosini. Alimkuta mkewe anakunja nguo. Alisimama mlangoni kama mgeni, aibu imemjaa.

— Mama watoto, mbegu za bamia zilibaki?

Mkewe alionyesha kwa kidevu nyuma ya pipa la maji. Palikuwa na makopo sita, na katika kila kopo mche wa bamia wenye majani manne.

— Nilipanda siku maua ya kwanza yalipoanguka, alisema. Nilikuwa nakusubiri uulize.