Anti Afriyie, Jeli Yake na Mnyoo wa Tisa

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika maabara yetu ya minyoo hapa Kumasi, Bi. Afriyie Boakyewaa, Anti Afriyie kwetu sote, anastaafu Ijumaa hii, tarehe 28 Machi.

Alianza kama mwosha vyombo. Leo hakuna anayemfikia kwa kushika mnyoo wa milimita moja bila kumuumiza. Silaha zake ni mbili: unywele wa kope yake mwenyewe aliougundisha kwenye kijiti cha meno, na jeli anayoichanganya kwa mkono wake. Jeli hiyo ni kituko. Ikiwa baridi ni majimaji. Ikipata joto huganda, ikamshika mnyoo akiwa hai, ametulia tuli, apigwe picha. Mpaka leo mimi huiangalia mdomo wazi. Na ole wako uweke donge lako la kenkey la mchana kwenye friji la jeli!

Mwaka wangu wa kwanza nilichemsha visahani ambavyo sikupaswa kuvigusa. Vilikuwa na minyoo wa Dokta Serwaa Amponsah, kazi yake ya miaka sita, wasiopatikana kwingine kokote. Nilijua kibarua kimeota nyasi. Walibaki tisa tu, waliogandishwa kwenye jeli asubuhi hiyo. Kuwachomoa humo ni kuwakata vipande, na umeme ulikuwa umekatika, friji vuguvugu.

"Ei, Yaw! Unalia, kwani kuna msiba? Kimbia kwa muuza samaki pale getini, lete barafu!" Anti akanifokea.

Nilikimbia. Akaweka kile kioo chenye jeli na minyoo juu ya barafu, jeli ikalainika, akawanyanyua mmoja mmoja kwa ule unywele. Wanane hawakutikisika. Wa tisa akajikunja. Minyoo hawa hujizalia wenyewe, hivyo mmoja anatosha. Nilipiga magoti sakafuni, wala sioni haya kusema. Minyoo wote wa Dokta tulio nao leo ni uzao wa huyo mmoja.

"Dokta asijue, umesikia?" Anti akaniambia. "Haya, nenda kaoge, unanuka samaki."

Nimenyamaza miaka kumi na minne. Dokta Serwaa anayasoma haya leo kwa mara ya kwanza, kama ninyi. Anti, nisamehe kwa kuvunja ahadi. Nilishindwa kukuacha uondoke bila watu kujua ulichokifanya.

Asante kwa yote, Anti. Tunakuombea afya, wajukuu watulivu na usingizi wa kushiba.

Dokta, nipo ofisini. Mlango uko wazi.

Yaw Asumadu